Kupanga rangi za maua ya kudumu kwenye tuta moja: mwongozo wa bustani za Tabora

Kila mwaka mvua zikikaribia naulizwa maswali yale yale. "Kaka, nimepanda kana, bogenvilia, mawaridi na vinka, vyote vinachanua, mbona bustani haivutii?" "Pinki inakwenda na rangi gani?" "Nimeona picha ya bustani ya Uingereza kwenye simu, naitaka hiyo hiyo, nianzie wapi?" Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, hatua kwa hatua, kwa mtu mwenye uwanja wa kawaida pale Ipuli, Isevya, Cheyo au popote penye udongo wetu huu wa kichanga.

Jibu fupi kwa wote ni hili: panga rangi zako kwa ajili ya mwezi wa tisa. Mwezi wa pili kila tuta la Tabora linapendeza, hata lililopandwa ovyo, kwa sababu mvua imeosha majani na kijani kimejaa kila kona. Ukifika mwezi wa tisa, mvua ya maana haijaonekana tangu Aprili au mwanzoni mwa Mei, vumbi limekaa juu ya kila kitu, ardhi na ukuta vimekuwa rangi moja. Hapo ndipo inajulikana nani alipanga na nani alibahatisha.

Nazungumzia maua ya kudumu, yaani mimea unayopanda mara moja ikakaa miaka. Maua ya msimu mmoja yana raha yake, lakini ukikosea rangi unangoja msimu uishe. Ya kudumu ukiyakosea utaishi nayo.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Eneo linalopata jua angalau saa sita kwa siku. Mifano yangu yote humu ni ya tuta la mita 5 kwa mita 1.5.
- Jembe, reki, kamba, vigingi vinne na futi ya kupimia.
- Samadi iliyooza kabisa, ya ng'ombe au mbuzi: debe 8 kwa tuta la ukubwa huo, na zikifika 15 kwenye mchanga mtupu si nyingi.
- Maji. Kila mita mraba inataka debe moja la lita 20 kwa kila umwagiliaji, kwa hiyo tuta letu linakunywa kama lita 150 kwa mkupuo. Kama unanunua maji kwa dumu, piga hesabu hiyo leo na upunguze urefu wa tuta mapema.
- Karatasi na penseli za rangi za watoto.
- Majivu au chokaa ya kuchorea mistari ardhini. Usitumie unga, kuku watakula ramani yako.
- Kanga moja unayoipenda. Sitanii, tutaitumia hatua ya tatu.

Kuhusu wakati: kutazama na kuchora ni Agosti na Septemba, kulima ni Oktoba na Novemba, kupanda ni mvua zikishakolea, kwa kawaida kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi mapema Januari. Mvua mbili za kwanza zisikudanganye. Hunyesha, watu wanapanda, kisha jua linarudi wiki nzima na miche inababuka.

Nadharia kidogo, halafu kazi

Nyekundu, chungwa na njano ni rangi za moto; machoni zinasogea mbele, na ua la nyekundu lililo mbali huonekana karibu kuliko lilivyo. Bluu na zambarau ni za baridi, zenyewe zinarudi nyuma. Pinki ina kabila mbili: ile inayoelekea zambarau, ambayo ndiyo ya bogenvilia nyingi za mjini kwetu, na ile inayoelekea chungwa, rangi ya nyama ya papai. Hizi pinki mbili hazikai chumba kimoja. Ugomvi mwingi ninaoitiwa niutazame unatokana na hizo.

Jambo la pili ni kwamba rangi hubadilishwa na jirani yake. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alichapisha maelezo ya jambo hilo mwaka 1839. Alikuwa msimamizi wa upakaji rangi kwenye karakana ya ufumaji ya Gobelins jijini Paris, na wafumaji walilalamika kuwa nyuzi nyeusi hazikolei. Kumbe rangi haikuwa na tatizo. Nyuzi zilizowekwa pembeni ndizo zilizofanya nyeusi ionekane imefifia. Kwenye tuta ni vile vile: njano inayong'aa kando ya zambarau itaonekana imechoka kando ya nyeupe, na wala hujaigusa.

La tatu ni mwanga. Tabora iko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana linatupiga karibu wima mwaka mzima. Rangi hafifu, kama pinki ya maziwa au zambarau iliyopauka, zinamezwa saa sita mchana. Jioni mambo yanageuka: nyekundu ndiyo ya kwanza kugeuka nyeusi, ilhali nyeupe na bluu hafifu zinabaki zinaonekana mpaka giza linakaribia kuingia.

Hatua ya 1: Amua utalitazama tuta ukiwa wapi na saa ngapi

Beba kiti, kaa pale ambapo huwa unakaa. Kama ni barazani baada ya kazi, tuta lako ni la jioni, na nyekundu tupu haitakufaa kitu. Kama ni langoni, watu wanapita mchana, rangi za moto zinastahimili jua hilo. Tuta la kutazamwa ukiwa mbali linataka rangi chache na mafungu makubwa. La kupita karibu nalo kwenda bombani linaweza kubeba vitu vidogo vidogo.

Hatua ya 2: Andika rangi ambazo huwezi kuzibadilisha

Wanaoanza wengi wanairuka hatua hii, kisha wanalaumu maua.

Andika rangi ya ukuta, bati, uzio, ardhi na miti. Ukuta wa tofali za kuchoma ni rangi ya chungwa iliyotiwa kahawia. Bogenvilia ya pinki iliyokolea ikipanda juu yake, vyote viwili vinaharibika, pinki inaonekana ya plastiki na tofali zinaonekana chafu. Mbele ya ukuta huo weka nyeupe, bluu au njano ya maziwa. Ukuta wa saruji ambao haujapakwa rangi, ule wa kijivu, unapokea karibu kila kitu, na ndio maana nawaambia watu wasiharakishe kuupaka. Ukuta mweupe unaua maua meupe: yapo, lakini hayaonekani.

Miti usiisahau. Mwembe hauna ugomvi na mtu, kijani chake kizito kinabeba rangi yoyote, ila kivuli chake na mizizi yake ni habari nyingine; usiweke tuta chini yake. Mjohoro unatoa njano. Mkrismasi ukiwaka kuelekea Desemba unamwaga nyekundu ya chungwa juu ya uwanja mzima, na kama chini yake una tuta la pinki, mwezi huo utatamani kuhama. Ukiwa na mkrismasi, tuta lililo karibu nao liwe la nyeupe na kijani, au lifuate moto wake.

Hatua ya 3: Tandaza kanga

Kanga ina pindo, ina mji, na mara nyingi ina rangi mbili hadi nne tu. Zihesabu. Utaona kuna rangi moja iliyotawala, ya pili inayoisindikiza, na labda ya tatu iliyodondoshwa hapa na pale. Pindo linazunguka kote kwa mfululizo ule ule, na hicho ndicho kinachoifunga kanga ionekane kitu kimoja. Tuta lako lipange hivyo: kwa makadirio, sehemu sita za rangi kuu, tatu za msindikizaji, na moja ya kuchangamsha, huku mmea mmoja wa chini ukijirudia mbele kote kama pindo.

Pima kwa eneo, usipime kwa idadi ya miche. Plambago moja iliyokomaa, kile kichaka cha maua ya bluu hafifu, inafunika nafasi ya vinka kumi.

Rangi tatu zinatosha. Ukiongeza ya nne, iwe ya majani. Najua utanijibu kuwa kuna kanga zenye rangi saba na zinapendeza. Ni kweli, ila aliyezichora anajua kazi yake, na kitambaa hakikui.

Hatua ya 4: Chagua majani kabla ya maua

Ua la kudumu huchanua kwa vipindi, jani lipo muda wote. Mwezi wa tisa, sehemu kubwa ya rangi kwenye tuta lako ni majani. Kwa hiyo anza na haya:

Zambarau: tradeskantia ya zambarau, asili yake Meksiko, inatambaa, inashika ukikata kipande ukakichomeka tu, na ikiwa juani rangi inakolea hadi kuwa damu ya mzee. Ikiwekwa kivulini inageuka kijani na kazi uliyoipa haifanyi.

Kijivu: rozmari na mshubiri. Kijivu ndicho mpatanishi wa bustani. Rangi mbili zisizoelewana, ukiweka mita moja ya kijivu katikati, zinaacha kugombana.

Kijani cha njano: duranta ya dhahabu iliyokatwa fupi. Inafaa na zambarau na bluu, lakini usiiweke kando ya pinki ya bogenvilia.

Shaba: zipo kana zenye majani ya shaba, nazo zinabeba rangi za moto vizuri kuliko kana za kijani.

Hatua ya 5: Chagua maua yanayostahimili kiangazi chetu

Pentasi nitaisifu kwanza, kwa sababu inastahili kupandwa zaidi ya inavyopandwa. Ni mmea wa asili ya Afrika Mashariki, ipo nyekundu, pinki, nyeupe na zambarau hafifu, inafika magotini au kupita kidogo, na vipepeo hawaiachi. Tazama kichwa chake kwa karibu: ni fungu la vijiua vidogo vyenye ncha tano, na vingine vikinyauka vingine ndiyo kwanza vinafunguka, kwa hiyo kichwa kimoja kinakaa na rangi muda mrefu. Panda kila sentimita 45.

Plambago, kutoka Afrika Kusini, ndiyo bluu hafifu ya uhakika tuliyo nayo. Ikishashika inavumilia ukame. Ipe mita moja hadi 1.2.

Bogenvilia inachanua vizuri zaidi ikikaukiwa kidogo, ndiyo maana inawaka kiangazi. Ile rangi si petali bali ni majani yaliyogeuka, ua lenyewe ni kile kidude cheupe katikati, na majani hayo hayanyauki upesi. Kwa hiyo ikishaamua kuwa pinki itakuwa pinki miezi kadhaa. Kila kitu kilicho jirani kiifuate yenyewe.

Kana inatoa nyekundu, chungwa na njano kwa wingi, lakini inataka maji. Iweke mahali maji ya bombani au ya kuoshea vyombo yanapopita, au uiache. Deilili, lile la njano au chungwa lenye majani membamba marefu, kila ua lake linadumu siku moja, ila bua moja lina matumba mengi. Gazania ni ya mbele, fupi, njano na chungwa, inapenda mchanga wetu. Vinka ni ya mbele pia, nyeupe au pinki, haina makuu. Salvia ipo ya nyekundu na ya bluu, na ya bluu ndiyo yenye faida zaidi kwa mpangaji wa rangi. Mishubiri mingi hutoa mabua ya maua wakati wa ukavu, ya njano au nyekundu ya chungwa, na ndege chozi watakushukuru.

Tahadhari tatu hapa. Lantana ya kawaida, ile ya njano na pinki kichwa kimoja, usiipande: inasambaa porini na ni sumu kwa ng'ombe na mbuzi. Taji la miiba ni zuri lakini utomvu wake mweupe unawasha na ni hatari machoni, kwa hiyo usiliweke njia ya watoto. Vinka nayo ni sumu ikiliwa; watu wazima hawaili, lakini mtoto anayetambaa huweka kila kitu mdomoni.

Hatua ya 6: Jaribu mkononi kabla ya kutoa hela

Usinunue mche kwa jina la rangi. Muuza miche atakuambia, "Hii nyekundu, mama, hii nyekundu kabisa," na yeye mwenyewe anaamini, lakini nyekundu zipo za chungwa na zipo za zambarau. Nunua mche ambao tayari una ua, hata moja, ndani ya kiriba chake, yaani mfuko wake wa plastiki.

Kabla ya kwenda, chuma ua au jani moja la kila kitu ulicho nacho nyumbani, funga kwenye gazeti lililoloana, nenda nalo. Ukifika weka kando ya unachotaka kununua, juani, si chini ya turubai la muuzaji. Ukirudi na sampuli, zipange kwenye sinia mahali pa tuta na uzitazame saa nne asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni. Kama saa saba huoni tofauti kati ya mbili kati yake, basi umenunua rangi moja.

Hatua ya 7: Chora tuta

Panda kwa mafungu ya mitatu au mitano ya aina moja na rangi moja. Mche mmoja mmoja uliotawanywa ndiyo kosa namba moja Tabora nzima, na chanzo chake ni wema: dada kakupa kana, jirani kakupa vinka, shangazi kaleta waridi kutoka Nzega, na kila zawadi imepata shimo lake. Zawadi zipande kwanza kwenye makopo, uzizidishe, ndipo ziingie tutani zikiwa fungu.

Huu hapa mpango wa jioni, kwa tuta letu la mita 5 kwa 1.5 mbele ya ukuta wa tofali za kuchoma au wa kijivu:

- Nyuma: plambago 4, mita 1.2 kati ya moja na nyingine.
- Katikati: pentasi za zambarau hafifu 5, deilili za njano 3 zikiwa fungu moja, pentasi nyeupe 3. Deilili zisikae katikati kabisa. Zisogeze upande mmoja.
- Mbele, kila sentimita 30: vinka nyeupe 10 na tradeskantia 6, zikipishana kwa mafungu.

Jumla miche 31. Njano ni mitatu tu, na utashangaa jinsi ile mitatu inavyolibeba tuta.

Mpango wa lango, kwa ukuta mweupe au wa krimu na kama maji yapo: kana nyekundu zenye majani ya shaba nyuma, deilili za chungwa katikati, gazania za njano mbele kote, na fungu moja la salvia ya bluu kama kichangamshi. Kama maji ni ya shida, ondoa kana, weka mishubiri yenye maua ya chungwa.

Na kwa wale wenye uzio wa bogenvilia ya pinki ambao hauondoki, nao ni wengi: usishindane nao. Pindo la tradeskantia, mji wa pentasi nyeupe na rozmari, plambago nyuma. Chungwa isikanyage hapo, wala njano ya yai.

Sasa ile picha ya Uingereza. Bustani nyingi za namna ile zinafuata mawazo ya Gertrude Jekyll, mwanamke Mwingereza aliyeishi kati ya 1843 na 1932 na aliyesomea uchoraji kabla ya kugeukia bustani. Tuta lake refu lilianza na rangi za baridi pembeni, likapanda taratibu hadi moto katikati, likashuka tena kwenye baridi upande wa pili. Mpangilio huo uige bila woga, unafanya kazi hata hapa kama tuta lako linazidi mita 8 au 10. Mimea yake usiiige. Delfinia na lupini zinataka baridi, na kule zinalala majira ya baridi kisha zinaamka pamoja siku zikirefuka. Kwetu mchana ni kama saa 12 mwaka mzima. Kinachoamsha ua ni mvua, maji yako, na mkasi wako.

Hatua ya 8: Lima

Sentimita 30 kwenda chini, ng'oa sangari na mizizi ya nyasi yote, mwaga samadi debe moja hadi mbili kwa kila mita mraba, changanya, acha wiki mbili. Samadi mbichi itaunguza mizizi, na ile iliyojaa mabua ambayo hayajaoza inaita mchwa. Tuta liwe usawa wa ardhi au chini kidogo, lishike maji. Matuta ya kunyanyuliwa ni ya sehemu zenye udongo mzito, mchanga wetu ukiunyanyua unakauka mara mbili.

Hatua ya 9: Panda kwa macho, halafu kwa jembe

Chora mafungu kwa majivu. Panga viriba vyote juu ya ardhi mahali pake bila kuchimba. Rudi kwenye kiti cha hatua ya kwanza, tazama. Hamisha. Tazama tena. Mwite mtu wa nyumbani naye atazame, maana wewe umeshaizoea ramani yako. Kuhamisha kiriba sasa ni kazi ya kuinama mara moja. Kuhamisha plambago ya miaka miwili ni kuiua.

Panda jioni au siku ya mawingu. Chana kiriba ukitoe chote, usikiache shimoni. Mwagilia siku hiyo hiyo hata kama mvua imetanda. Weka matandazo ya pumba za mpunga au majani makavu yenye unene wa vidole viwili, yakae mbali na shina kiasi cha upana wa kiganja, kwa sababu ya mchwa.

Mwezi wa kwanza mvua ikikatika mwagilia mara mbili kwa wiki. Kiangazi, mara moja kwa wiki kwa kushiba kunatosha plambago, vinka, gazania na rozmari, na kwa pentasi mara mbili. Bogenvilia na mishubiri iache ione kiu. Kunyunyiza kila jioni kwa kikombe ni kuloanisha vumbi, mizizi haipati kitu.

Hatua ya 10: Tumia mkasi ili rangi zikutane

Umepanga bluu na njano, lakini bluu ikichanua Februari na njano Mei, hujapanga kitu. Katikati ya Aprili, udongo ukiwa bado na unyevu, kata theluthi moja ya pentasi na plambago. Zote zinachanua kwenye matawi mapya, kwa hiyo zitatoa matawi pamoja na kuingia kiangazi zikiwa na maua. Bogenvilia ikate wakati huo huo mvua zinapoisha. Kisha ondoa vichwa vilivyokauka kila wiki. Pentasi isiyokatwa vichwa inachoka na kuwa miguu mitupu yenye shungi juu.

Usikate kila kitu siku moja. Nusu leo, nusu baada ya wiki mbili, ili tuta lisiwe kipara.

Mambo yakienda mrama

*Rangi ni tatu tu lakini macho hayatulii.* Mafungu ni madogo mno au pindo halijirudii. Usinunue mche mwingine. Mvua ikianza, kusanya za aina moja pamoja.

*Nyeupe inaonekana chafu kuanzia Julai.* Ni vumbi. Tuta lililo ndani ya mita chache kutoka barabara ya udongo lisitegemee nyeupe. Badilisha kwa njano ya maziwa, au mwagilia juu ya majani asubuhi mara moja kwa wiki.

*Vinka nyeupe zimegeuka pinki.* Hazijageuka, mbegu zimedondoka na watoto hawakufuata rangi ya mama. Subiri kila mche mpya utoe ua la kwanza, ng'oa usiotaka.

*Bogenvilia ina majani tele, rangi hakuna.* Maji mengi, samadi nyingi, au kivuli. Punguza maji kwanza kabla ya kufanya lolote lingine.

*Gazania zimefunga.* Hufunga jioni na siku za mawingu, ni tabia yake. Kama unakaa barazani jioni tu, hukupaswa kuwa nazo, hamishia langoni.

*Kana ina michirizi ya njano kwenye majani na inadumaa.* Huenda ni virusi, na dawa hakuna. Ng'oa na mizizi, choma, osha jembe, na usimgawie mtu vipande vyake.

*Mche ulikuwa mzima jana, leo umelala.* Fukua kidogo kwenye shina. Ukikuta udongo uliofunika gamba na shina limeliwa, ni mchwa. Ondoa matandazo yote eneo hilo, na ukirudishia mche weka kokoto badala ya pumba.

*Kuku wamechimbua pindo lote.* Matawi ya miiba yaliyolazwa juu ya tuta kwa mwezi mmoja yanatosha. Mizizi ikishashika, kuku wanahangaika na kwingine.

*Pinki na chungwa vimeshakua, vinagombana, na mwenye nyumba hataki kimoja kiondolewe.* Pima mita moja kati yake, panda rozmari na vinka nyeupe humo, na mkasi ukifika Aprili, kata pinki mwezi huo na chungwa mwezi unaofuata ili visichanue kwa pamoja.